Jina la Tatu

Smethwick,
17 Juni 1984

Dada yangu Bachint,

Sat Sri Akal kwako, na nyingine uiweke miguuni pa Beji mama yetu, na nyingine umpe mwanao Harnek, kama bado anapokea salamu za mjomba asiyemjua sura. Huku tu wazima. Mke wangu Davinder anakohoa lakini kazini anakwenda. Bikram mwanangu amemaliza mitihani yake, amenipita kimo, na hachoki kunikumbusha.

Ama baada ya salamu: Dada, Beji yuko wapi?

Nauliza bila kuzunguka kwa sababu barua yako ya Machi ilisema anataka kwenda Amritsar kwenye kumbukumbu ya Guru Arjan. Siku zile zile jeshi liliingia Darbar Sahib, hekalu letu kuu pale Amritsar, na vifaru, mahujaji wakiwa wamejaa ndani. Nimepiga simu posta ya Phagwara siku tisa mfululizo. Kuna mwanamke wa mitambo ya simu, tumeshakuwa kama jamaa sasa, kila siku ananiambia, "Punjab imefungwa, bwana. Jaribu kesho."

Kiwandani Jumatatu msimamizi aliniuliza, "Haya Nick, waliouawa ni watu wako au watu wao?" Miaka ishirini na mitatu nayeyusha chuma pale, ananiita Nick. Mimi nisiye na kilemba, ndevu nimenyoa, nitasema ni watu wangu, aniamini kwa lipi?

Sikulia nilipoondoka nyumbani. Sikulia kinyozi aliponikata nywele siku yangu ya pili hapa ili nipate kazi. Jumatano nililia jikoni mbele ya mwanangu, naye akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja. Beji alikwenda au hakwenda?

Ndugu yako,
Niranjan


Chak Jindan,
29 Julai 1984

Niranjan mdogo wangu,

Waheguru akulinde wewe na wa nyumbani mwako. Davinder achemshe tangawizi na pilipili manga, asinywe hizo dawa tamutamu za huko. Sisi tuko kama ulivyotuacha, ila joto limezidi.

Beji hakwenda. Goti lilimvimba siku mbili kabla ya safari, akashinda mchana kutwa akilitukana. Sasa analishukuru, kisha anaona haya kwa kulishukuru. Wanawake watatu wa hapa kijijini walikwenda. Amerudi mmoja.

Barua yako ilinifikia imegundishwa mara mbili, na aliyeweka gundi ya pili ni mtu mvivu. Kwa hiyo ngoja nikupe habari za mpunga. Mpunga umeshapandwa. Maji yapo. Nyati wetu wa maziwa amezaa jike. Hiyo ndiyo habari ya Punjab.

Harnek hajambo. Anakula kidogo na kusikiliza redio sana, na mimi nikiingia anaizima.

Shemeji yangu Chanan mbona kimya? Tangu mume wangu afariki, Chanan hajawahi kupitisha miezi miwili bila kumwandikia mjane wa kaka yake. Mwambie namsalimu. Mwambie pia Beji bado anasimulia jinsi yeye Chanan alivyokupokea stesheni ya huko ukiwa umevaa viatu vya kuazima. Nyinyi wawili msikae mbalimbali katika siku kama hizi.

Dada yako,
Bachint


Smethwick,
9 Septemba 1984

Dada mpendwa,

Nilisoma "Beji hakwenda" nikakaa chini kwenye ngazi. Mbusu goti lake kwa niaba yangu. Davinder amepona, na tangawizi yako imesifiwa. Bikram amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa umeme, ila siku hizi haongei habari za umeme.

Dada, nimeacha kukata nywele. Bado hazijafika kufungika vizuri, lakini nimefunga kilemba. Siku ya kwanza kilinivuka nikiwa nimesimama kituo cha basi, nikakimbizana nacho kama kuku. Bikram alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha kukifunga upya. Mwana akamfundisha baba! Yeye anafunga cha rangi ya zafarani.

Tulikwenda London kuandamana, maelfu kwa maelfu. Nilibeba bango upande wa mbele kabisa, na gazeti letu moja la huku likachapa picha yangu na jina langu lote chini yake. Nimekuwekea nakala. Mwonyeshe Beji mwanawe amerudi kuwa Singh, mtu wa nywele na kilemba.

Kamati ya gurdwara yetu, hapa tunapoabudu, imebadilika. Wazee wa zamani wameondolewa kwa kura, tena kwa makelele, na mimi nimechaguliwa katibu. Tunasema wazi sasa: tunataka Khalistan, nchi yetu wenyewe. Ukiulizwa nyumbani kwenu ni wapi na watu wako ni nani, ujue pa kuonyesha kidole.

Chanan yupo. Ana mawazo yake.

Niranjan


Chak Jindan,
9 Desemba 1984

Niranjan,

Salamu zako zilifika. Tumevuna. Beji hatoki kitandani tangu Diwali, anakunywa maziwa tu, na kila akisikia mlango anauliza kama ni wewe. Harnek hakulima msimu huu. Kazi ya kusimama imemshinda. Tuliajiri watu.

Mkaze Bikram kwenye masomo.

Baada ya waziri mkuu kuuawa na walinzi wake wa kwetu, unajua Delhi ilikuwaje. Binti wa jirani yetu Karam amerudi kwao kutoka huko. Mwanawe wa miaka sita amekatwa nywele zote, na ni yeye mama mtu aliyezikata, kwa kisu cha jikoni, wamejificha juu ya dari, ili wanaowinda watu wetu wasimtambue. Mumewe hakurudi. Huyo mama hasemi. Anakaa anachambua dengu zilizokwisha kuchambuliwa.

Nilidhani hilo ndilo zito la mwezi. Kisha ikaja barua ya Gurmej, mke wa Chanan. Anasema Chanan alipigwa na vijana karibu na mlango wake, mkono umevunjika mara mbili na taya mara moja, kalazwa wiki tatu. Anasema ilikuwa siku tatu baada ya jina lake kusomwa gurdwara, katika orodha ya wasaliti.

Wewe ni katibu. Ulinieleza kilemba kilivyokuvuka kituoni. Nieleze na hili. Nani aliisoma hiyo orodha?

Bachint


Smethwick,
6 Januari 1985

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya wao. Huku ni theluji, bomba la maji limepasuka, Davinder anafua kwa jirani. Bikram hajambo.

Nilikwenda ofisi ya viza ili nije kumwona Beji. Nilipanga mstari tangu asubuhi na sanduku la zawadi nimeshafunga nyumbani. Karani aliangalia fomu yangu, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kusema ombi langu halikukubaliwa. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Hatutoi sababu." Nikamwambia mama yangu anakufa. Akasema, "Pole. Anayefuata."

Kwa hiyo siwezi kuja. Mwambie Beji ni theluji.

Habari ya Chanan inasikitisha. Watu wana hasira, dada. Siku ile waziri mkuu alipouawa, wengine huku waligawa peremende barabarani, na Chanan alisimama mbele ya gurdwara akapiga kelele, "Nyinyi mnagawa peremende hapa, kule Delhi atakayezilipia nani?" Mtu mzima anajua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Yeye na chama chake cha wafanyakazi hawajawahi kujua.

Orodha ilikuwa ya kamati. Kamati ni watu kumi na mmoja.

Niandikie hali ya Beji.

Niranjan


Chak Jindan,
10 Februari 1985

Niranjan,

Barua hii inaletwa kwa mkono na binti wa kijijini anayemfuata mumewe Birmingham. Hakuna gundi ya pili. Kwa hiyo leo sikuandikii mpunga.

Ile picha yako ilifika Punjab kabla ya nakala uliyonitumia. Mwanzoni mwa Oktoba waliingia askari sita uani. Mmoja alikuwa na kipande cha gazeti, amekikunja vizuri kama mtu anayetunza hati ya shamba. Akanionyesha. "Huyu ni nani wako?"

Nikasema, "Ni ndugu yangu."

"Anataka nchi. Na nyumba hii inataka?"

Nikasema, "Nyumba hii inataka mvua." Hakucheka. Wakamchukua Harnek. Nilimfuata kwa miguu mpaka barabara kuu. Siku kumi na moja hawakuniambia yuko wapi. Alirudi juu ya mkokoteni wa miwa. Nyayo zake, Niranjan, sikuandikii zilivyokuwa. Sasa anatembea kwa kushika ukuta. Vijana wenye bunduki wamekwisha kumtumia salamu: njoo kwetu tukulipizie. Na askari nao wametuma salamu: tuambie wanaokutumia salamu. Ana miaka ishirini na mmoja, na kila pikipiki ikipita anasimama, kwa miguu ile ile.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa wasomaji wa barua. Na pia kwa sababu ungeumia, nami sikutaka uumie. Sasa nataka.

Usidhani nimekugeuka. Binti wa Karam yuko upande wa pili wa ukuta wangu. Hakuna haja mtu anifundishe tulivyotendwa. Lakini jina lako lilichapwa London, akalipa mwanangu. Jina la Chanan likasomwa Smethwick, akalipa mwenyewe. Gurmej ameniandikia tena. Anasema msomaji alikuwa na sauti nzuri, kila mtu alisikia.

Tangu utotoni hapa kijijini mwenye sauti ya kusomea watu ni mmoja tu.

Sitaki barua nyingine yenye theluji. Nenda kwa Chanan. Ukishakwenda ndipo uniandikie.

Bachint


Smethwick,
21 Aprili 1985

Dada yangu Bachint,

Mpe Beji heshima zangu. Davinder anakusalimu, analala mapema siku hizi. Habari za Bikram ziko chini.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Niliisoma, nikaiweka nyuma ya makopo ya unga, nikaitoa, nikairudisha. Nilitaka kumwandikia Harnek kwanza. Nimeshindwa neno la kuanzia.

Ni mimi niliyesoma. Majina yalikuwa sita, la Chanan la tatu. Karatasi niliikuta juu ya meza, sikuiandika mimi, lakini niliona jina lake kabla sijasimama. Nilikuwa na muda wa kuliruka. Watu mia nne walikuwa wamekaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii watu mia nne walikuwa wananitazama kama mtu. Sikuliruka.

Jumamosi ya mwisho ya Machi nilikwenda kwake. Gurmej alifungua, akaniacha nimesimama mlangoni mpaka Chanan mwenyewe akaita kutoka ndani:

"Mwache aingie. Katibu, umekuja na orodha nyingine?"

"Nimekuja bila karatasi."

"Basi utasema nini? Wewe bila karatasi huwa bubu."

Amekonda. Mkono wa kulia haufiki mdomoni, chai anakunywa kwa wa kushoto, na inamdondokea kidevuni. Sikujua nitazame wapi.

"Nilisoma jina lako," nikasema.

"Najua. Nina marafiki wenye masikio. Ulilisoma sawasawa? Wengine hukosea, huniita Charan."

"Nililisoma sawasawa."

"Haya. Shule ya Phagwara haikupotea bure."

Gurmej akasema, "Mnacheka? Mnacheka nini nyinyi wazee?" Akaweka sufuria kwa kishindo. Kwa kweli hakuna aliyekuwa anacheka.

Chanan akaninyooshea kidole cha mkono ule mzima. "Unadhani Darbar Sahib ni yako peke yako kwa sababu umefunga kitambaa? Siku ile nililia kabla yako, mjinga wewe. Mimi nisiyeomba hata nikiumwa jino! Lakini sitaki nchi ya watu wanaoanza na orodha. Nikasema hivyo kwa sauti. Hilo ndilo kosa langu. Kama lipo lingine, lisome."

Nikasema halipo.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Jumatano ile aliyopigwa Chanan, Bikram alirudi nyumbani na mkono umevimba, ngozi ya vifundo imechubuka. Alisema ni mpira. Davinder akamfunga barafu. Nami nikala chakula changu.

Nikamuuliza Chanan, "Walikuwa wangapi?"

"Wanne."

"Bikram alikuwemo?"

Alitazama chai yake. "Polisi walikuja hospitali mara tatu na kijitabu. Kila mara nimewaambia sikuona sura."

"Uliona?"

"Niranjan," akasema, "mimi sisomi majina."

Gurmej alitoka chumbani. Tulikaa sisi wawili mpaka chai ikaingia utando. Wakati naondoka hakunipa mkono, wala hakusema rudi. Alisema tu, "Funga mlango vizuri, baridi inaingia."

Siku ya sikukuu ya Vaisakhi gurdwara ilijaa mpaka barabarani. Katibu husoma matangazo. Nikasoma ya harusi, nikasoma ya wagonjwa, kisha nikasema: "Novemba nilisoma hapa majina sita. Namjua mmoja kwa miaka ishirini na minne. Alinipokea nikiwa na viatu vya kuazima. Si msaliti. Niliposoma nilijua kuwa si msaliti. Naomba radhi kwake na kwenu. Bado nataka tunachokitaka, lakini sisomi orodha tena, na asisome mwingine."

Mtu alizima kipaza sauti kabla sijamaliza. Wengine wakaguta, "Keti!" wengine, "Mwache amalize!" na mzee mmoja akanivuta shati mpaka kifungo kikatoka. Jumatatu kamati ikaniondoa ukatibu. Tangu hapo nikikaa gurdwara kula pamoja na wengine, kushoto kwangu pana nafasi na kulia pana nafasi. Kwenye kioo cha duka anakofanya kazi Davinder mtu amebandika picha yangu ya London, macho yametobolewa.

Kilemba sijavua. Wale wanaodhani nitavua hawajanielewa, na wale walioninyang'anya kiti wanadhani nimeshavua. Sina pa kusimama, dada. Nazunguka tu.

Bikram aliningoja nyumbani siku ile ya Vaisakhi. Akasema, "Umetuaibisha mbele ya adui." Nikamwambia, "Nionyeshe mkono wako." Akauficha nyuma, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, kama mtoto aliyeiba sukari. Kisha akapanda juu, akashuka na begi. Davinder alimshika mpaka getini. Hatujui alipo.

Hiyo ndiyo habari. Sikukuwekea theluji hata kidogo.

Niranjan


Chak Jindan,
26 Mei 1985

Niranjan mdogo wangu,

Waheguru akupe nguvu za kusoma, maana naanza na msiba. Beji ametutoka tarehe kumi na moja, alfajiri, baada ya kunywa maji. Hakuteseka. Mwambie Davinder aliulizia kikohozi chake siku moja kabla.

Barua yako ilifika wiki moja kabla ya hapo. Nilimsomea yote, polepole, na habari ya Bikram nikamsomea pia. Alifumba macho, nikadhani kalala. Kisha akauliza, "Alisema mbele ya watu?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa sauti?"

Nikasema walizima kipaza sauti.

Akasema, "Niranjan hakuhitaji kipaza sauti hata alipokuwa ananyonya." Akageukia ukutani, mabega yakatikisika. Sijui alikuwa anacheka au analia, na sikumuuliza.

Moto wa kuchomea mwili wake aliuwasha Harnek, kwa kuwa wewe mwanawe hukuwepo. Kusimama hawezi muda ule wote, basi alishikwa kwapani na watu wawili. Upande huu Karam, ambaye mwanawe mkubwa ni askari. Upande ule Jagir muuza mbegu, ambaye mwanawe anatafutwa na askari. Hao wawili hawajasalimiana tangu mwaka jana, na hata siku ile hawakusalimiana. Lakini walimshika sawasawa, hakuyumba.

Harnek amepata kazi ya kukaa, anatengeneza redio na pampu katika duka la Phagwara. Anakwenda asubuhi kwa basi, anarudi saa kumi na mbili. Ikifika na dakika kumi hajaonekana, natoka kumngoja barabarani. Salamu za vijana bado zinakuja, na za askari pia. Hajajibu za yeyote. Nimeacha kumuuliza atajibu nini. Amesema nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Mwambie mjomba sijamchukia, ila asitume picha."

Chanan ameniandikia mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, maandishi yanapanda na kushuka kama mbuzi. Kurasa mbili za kulalamikia hospitali. Mwishoni: "Nduguyo alikuja tena Jumapili. Tulicheza karata. Ananiibia." Hukuniambia kuwa ulirudi. Vizuri. Si lazima kila kitu uniambie.

Nimemwandikia Bikram barua yake peke yake, imo ndani ya hii, na gundi yake ni yangu. Mimi ni shangazi yake, hawezi kukataa kuipokea. Nimemweleza miguu ya Harnek ilivyo, sikuongeza wala sikupunguza. Ya mkono wake sikuyataja. Wewe usiisome. Itafute njia imfikie. Ulizia kwa rafiki zake, ulizia gurdwara nyingine za huko, ulizia hata kwa wale waliokuzimia kipaza sauti, uwaombe kama mtu anayeomba maji. Waambie ni msiba, bibi yake amefariki. Hakuna wa kwetu atakayekufungia mlango kwa neno hilo.

Na sasa sikiliza. Usiniandikie habari ya nchi mwaka huu. Ninayo ya kutosha, inapita barabarani kwa magari. Nchi itakuja, au haitakuja. Mimi nataka kujua Bikram analala wapi.

Dada yako,
Bachint